Shanga za Tumbo la Asenso

Bonsukrom,
14 Februari 1998

Mdogo wangu Asenso,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka bila kumngoja mwenyewe. Mjukuu wangu Saabea ameota jino la kwanza na amekwisha kuniuma nalo. Yule mbuzi uliyemwacha wakati wa msiba amezaa mapacha. Najua umeshaanza kumeza mate, hawachinjwi.

Sasa tuzungumze. Kaka yetu Nana Twum "amekwenda kijijini kwake", kama tunavyotakiwa kusema chifu akifa, na kigoda cha uchifu kiko wazi. Wewe unakitaka. Usinikatalie, msibani ulikuwa unakitupia jicho kama mtoto aliyeona mnofu kwenye sufuria ya jirani. Wazee nao wanakutaka. Wanasema una umbo la uchifu. Nilipowauliza umbo la uchifu ni lipi, Mzee Bediako, msemaji wetu, akanyoosha mikono mbele ya tumbo lake kama mtu aliyekumbatia kapu la viazi vikuu, na wenzake wote wakatikisa vichwa kukubali.

"Nana," akaniambia, "chifu mwembamba ni aibu. Wageni watasema mji huu una njaa."

Watu wazima hao, wenye wajukuu!

Mimi ndiye Malkia Mama, na jina la chifu hutoka kinywani mwangu. Nimeshataja majina mawili. La kwanza lilikuwa la mjomba Kyeretwie, na hakumaliza miaka mitano. La pili lilikuwa la Twum, na hakufika hata hapo. Kila mmoja alikalia kigoda akiwa mwanaume anayejifunga nguo mwenyewe. Tukawalisha supu ya chikichi na nyama ya ndezi asubuhi na jioni, tukawakataza kutembea kwa kuwa chifu hubebwa, matumbo yakatangulia mbele, mji ukapiga vigelegele. Mmoja akapigwa na kiharusi, mwingine moyo ukasimama akiwa anakula. Na unajua kisimani wanasemaje? Wanasema dada yako Boatemaa ndiye anayewala. Mchawi yule, anawapandisha kigodani ili awatafune vizuri. Ukifa na wewe, Asenso, hapa mjini sitakuwa na pa kuweka uso wangu. Na sitakuwa na ndugu.

Basi sikiliza. Muuguzi wa zahanati, Bi Felisia, alinifunza jambo. Anasema kilo zinadanganya, maana mkulima ana kilo za misuli na mwingine ana kilo za mapaja. Mwanaume mtazame tumbo. Mpime kimo kwa uzi, ukunje uzi katikati, uuzungushe tumboni. Ncha zikikutana, ashukuru Mungu. Zisipokutana, basi sukari, presha na ugonjwa wa moyo vinapiga hodi mlangoni kwake.

Huo uzi nilikuwa nao siku tulipomwosha Twum. Nilimpima kutoka kisigino hadi utosini, nikaukunja, nikauzungusha. Katika pengo lililobaki kiganja changu kilipita chote. Wanawake wenzangu walidhani naomboleza, kumbe nilikuwa napima.

Wewe na Twum mlilingana kimo, mlikuwa mkiazimana nguo tangu ujana. Kwa hiyo nimetunga shanga nyeupe kwenye uzi wa nusu ya kimo hicho, nimezitia humu kwenye bahasha. Zivae juu kidogo ya kitovu, ukiwa umeshusha pumzi, bila kunyonya tumbo kama msichana anayepigwa picha. Zikifunga, nitalitaja jina lako. Zisipofunga, jina lako nitalimeza.

Dada yako,
Nana Boatemaa


Takoradi,
9 Machi 1998

Dada Nana,

Nakuamkia kwa heshima yote uliyonibakizia. Mke wangu Adwoa anakusalimu, analiombea goti lako. Mwanangu Ntim amefaulu mtihani wa kupima ardhi, sasa anaipima hata meza ya chakula. Msumeno mkubwa wa kiwandani ulikatika meno wiki iliyopita, tumepata mwingine, mbao zinatoka.

Barua yako niliifungulia ofisini, mbele ya watu. Shanga zikamwagika mezani juu ya hati za mbao. Karani wangu akazitazama, akanitazama, akauliza, "Bosi, tumepata shemeji mpya?" Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu.

Dada, mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na miwili. Wanaume thelathini wananiita bwana kila asubuhi. Shanga za kiunoni wanavaa watoto wachanga ili mama zao wajue kama wananenepa, na wanavaa wanawake kwa kazi ambayo mimi na wewe hatuwezi kuandikiana. Katika ukoo wetu wote, tangu babu zetu watoke msituni, ni mwanaume gani aliyetumiwa shanga na dada yake?

Tena kwa kosa gani? Suruali niliyooa nayo ilikuwa namba thelathini na sita. Leo nikienda dukani nanunua thelathini na sita. Kama kiuno hakijaongezeka hata kidole kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, na upishi wa Adwoa unaujua, basi mimi ndiye ninayepaswa kumfundisha huyo Felisia wako. Tangu lini kigoda cha wazee wetu kinapimwa na msichana aliyeshuka na basi la juzi?

Au kuna mtu unampisha? Nasikia jina la Dwomo linanong'onwa, huyo mwana wa mama mdogo, mwalimu wa shule aliye kama mpini wa mwavuli. Mpandisheni tu. Siku ya sherehe wabebaji watainua machela mabegani na kuuliza chifu mwenyewe atapanda saa ngapi.

Twum alikufa kwa sababu siku yake ilifika. Mjomba pia. Mwanaume mwenye mwili ni mwanaume aliyekula, na mwanaume aliyekula ni mwanaume aliyefanya kazi. Litaje jina langu, tumalize.

Mdogo wako,
Asenso


Bonsukrom,
2 Aprili 1998

Asenso mpendwa,

Goti linakushukuru. Saabea ameota jino la pili. Paa la jumba la kigoda linavuja upande wa ngoma kubwa na mafundi wamekuja kulitazama; wamelitazama vizuri sana, wakaenda zao. Mpe Ntim hongera zangu, mwambie akimaliza meza ampime baba yake.

Maana umeniandikia kurasa tatu za matusi na hukusema kama shanga zilifunga.

Umeniambia habari za suruali. Nimecheka hadi Saabea akalia. Ee mwana wa mama yangu, hiyo suruali unaifungia wapi? Nilikuona msibani kabla hujavaa nguo ya maombolezo. Mkanda wako uko chini ya tumbo, karibu na pale mapaja yanapoanzia, na tumbo lenyewe limekaa juu yake kama mzigo kwenye toroli. Kwa hesabu hiyo hata kiboko anavaa thelathini na sita. Wanaume wote wa Takoradi ni hivyo hivyo. Tumbo likikua mkanda unateremka, halafu mnajisifu kwamba kiuno hakijabadilika. Hakijabadilika kwa sababu mmekihama!

Felisia ameniambia hivi, nami nakuandikia polepole ili uelewe. Mafuta ya makalioni na mapajani hayana ugomvi mkubwa na mtu. Ya tumboni yanakwenda ndani, yanakaa na ini, yanakaa na moyo, yanavuruga sukari ya damu. Na nyinyi wanaume, tofauti na sisi, mkinenepa mnaanzia hapo hapo tumboni. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na miguu ya korongo na bado ana kifo kiunoni.

Sasa kuna jambo lingine. Msibani, siku ya kumsindikiza Twum, ulijifunga nguo ya maombolezo bega wazi kama inavyopasa. Lakini chini ulivaa viatu vya kamba. Na soksi! Kila mwanaume pale alikuwa na makubadhi, hata yule mlevi wa sokoni aliazima. Wazee waliona haya kukuuliza, wakasema labda ni ustaarabu wa pwani. Mimi pia nilisema hivyo. Siku hizi nimeacha kusema.

Miguu yako ina nini, Asenso?

Dada yako,
Boatemaa


Takoradi,
20 Mei 1998

Dada Nana,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Mvua ya huku haina adabu, magogo yamekwama barabarani. Ntim ameajiriwa. Adwoa yupo, ila siku hizi amekuwa mtu wa kimya. Nadhani ni umri.

Nimezivaa shanga zako. Zimefunga. Nakurudishia humu humu zikiwa na fundo lake, uzipime mwenyewe, na umwonyeshe huyo muuguzi wako ili apate soni.

Kuhusu viatu, sijui Malkia Mama mzima unatafuta nini miguuni pa wanaume. Siku ile nilitoka moja kwa moja kwenye mkutano wa wenye viwanda. Mtu wa heshima Takoradi hazunguki na vidole nje kama muuza kaa. Miguu yangu ni mizima na iko miwili, nadhani inatosha.

Tena nikwambie, makubadhi nimeshashonesha, ya kichifu, yenye mapambo ya dhahabu. Na nguo ya kujifunga nimeagiza kwa wafumaji, kubwa, ya kumtosha mtu mwenye mwili wake. Mzee Bediako aliniandikia kwamba wazee wako tayari na wanakungoja wewe tu. Nipe siku.

Mdogo wako,
Asenso


Bonsukrom,
11 Juni 1998

Asenso,

Tu wazima. Habari za nyumbani leo nitazikata, maana nina hasira na karatasi ni chache.

Nimezipata shanga. Nilizituma nyeupe zote. Hizi za buluu hapa mwishoni, urefu wa kiganja, zilikuja kwa miguu yao? Mtu anaiba kwa dada yake, halafu anashindwa hata kuchagua rangi! Hivyo ndivyo nilivyosema, nikakutukana sana, mpaka mkeo alipokuja.

Alikuja Jumamosi kumzika shangazi yake. Nilimkalisha chumbani kwangu, nikamwekea shanga mapajani.

"Adwoa, hizi za buluu umezitoa wapi?"

"Sokoni, Nana. Alinituma niongeze."

"Nyeupe hazikuwepo?"

"Zilikuwepo tele."

Akanitazama usoni, akazisukuma zile za buluu upande wangu. Hapo nikaelewa kwamba katika nyumba yako kuna mtu mmoja mwenye akili, na si wewe.

"Mguu wake una nini?" nikamuuliza.

Akalia, Asenso. Mwanamke yule ambaye hakulia alipomzika mama yake alilia hadi akalowesha kitambaa changu cha kichwa. Akaniambia yote. Kwamba ulishaambiwa una sukari tangu miaka miwili iliyopita na ukamwamuru afunge mdomo. Kwamba kabla ya Krismasi msumari wa kiatu ulikuingia kwenye kidole gumba, ukatembea nao kutwa nzima bila kusikia, mpaka alipoona damu kwenye soksi. Mtu anayechomwa na msumari asisikie! Kwamba sasa kidole kimekuwa cheusi, na unamwaga manukato chumbani ili watumishi wasijue. Kwamba daktari alisema kikatwe mapema, ukamfukuza nyumbani kwako.

"Asenso alimwambia nini huyo daktari?" nikauliza.

"Alisema, 'Chifu hapungui kiungo. Nikiwa na vidole tisa, kigoda sikipati. Ngoja nikalishwe kwanza, nitakuja kutibiwa baadaye.'"

Baadaye! Kweli, ni desturi yetu, mwili wenye dosari haukai kwenye kigoda. Wazee watakuvua makubadhi wakukague, mguu kwa mguu. Ulidhani watakikagua kidole hicho na soksi yake? Au ulidhani kitapona kwa kuogopa heshima yako? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulitaka kikuumbue mbele ya ngoma zote, ukiwa juu ya machela.

Sikiliza nilichofanya. Jumatatu niliwaita wazee.

"Jina la Asenso lisahauni," nikawaambia. "Silitaji leo, silitaji kesho, na nikifa msimwombe atakayerithi nafasi yangu alitaje."

Bediako akaruka. "Nana, kwa kosa gani? Mtu ana umbo, ana mali, ana sauti!"

"Ana kidonda kinachooza mguuni," nikasema, "na shanga hazimfungi."

Bediako akakaa chini, palepale paa linapovuja. Nimekuvua nguo mbele ya watu, mdogo wangu, na nilijua ninachofanya. Ulikuwa unakitunza kidole hicho kwa ajili ya kigoda. Sasa kigoda hakipo. Kidole chako hakina kazi tena duniani. Kipeleke hospitali.

Boatemaa


Takoradi,
25 Juni 1998

Kwa Malkia Mama wa Bonsukrom,

Sina salamu.

Tangu utoto ulikuwa ukininyang'anya vitu na kuniambia ni kwa faida yangu. Nyama uliniambia ina mifupa, nisije nikasakamwa. Sasa umeninyang'anya kigoda cha ukoo wa mama yetu mbele ya Bediako na wale wazee, ambao sasa wananicheka kila wakinywa pombe. Hata wabeba magogo wangu wameshasikia. Jana mmoja aliniuliza naendeleaje na mguu.

Nilipokuwa nikiambiwa watu wanasema nini kisimani, nilikuwa nikigomba. Nilimpiga mtu kofi mwaka juzi kwa ajili yako. Sasa naona nilimwonea. Walisema unakula wanaume wa ukoo wako. Wale wawili ulingoja wakalie kigoda kwanza. Mimi umenila ningali nimesimama.

Usiniandikie tena.

Yaw Asenso


Bonsukrom,
30 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Umeniambia nisikuandikie. Nimekutii kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtii mwanaume yeyote, na mume wangu marehemu ni shahidi. Sasa nimechoka kutii.

Saabea anatembea. Mahindi ya kwanza tumeyala. Mafundi walirudi, wakaziba paa, sasa linavuja upande mwingine.

Neno lako liliniuma. Nimelisema wazi ili usijisumbue kukisia. La kisimani nimelizoea, wale wanawake hata mvua ikikosa wananitazama mimi. Lakini hawakulala na mimi kwenye mkeka mmoja wakiwa na surua. Wewe ulilala. Nililia siku mbili, na nilipomaliza nilikuwa bado nina hakika nilifanya sawa, jambo ambalo linaudhi zaidi, maana mtu hawezi hata kujutia akapumzika.

Adwoa haandiki. Nadhani umemkataza. Sijui kama ulikwenda hospitali, sijui kama una mguu, sijui kama upo. Dereva wa lori la mbao alipita hapa mwezi uliopita, nikatuma mtu amuulize, akasema bosi haonekani kiwandani. Nikaogopa kutuma aulizwe zaidi.

Nikuchekeshe kidogo, kama bado unacheka. Wazee waliniletea Dwomo, mpini wako wa mwavuli. Bediako alimleta huku amenuna kama mtu anayeleta kuku aliyekonda sokoni. Nikasema na huyu apimwe. Wakacheka wote.

"Nana, huyu utampima nini?" Bediako akasema. "Huyu uzi utamzunguka mara mbili, na wa kubaki tukafungie kuni!"

Dwomo mwenyewe alitabasamu, akavua shati. Mikono kama mianzi, shingo kama ya jogoo, na hapo katikati kitumbo kigumu cha mviringo, kama mtu aliyemeza kibuyu na bado hajaamua kukitema. Miaka ishirini ya kukaa kwenye kiti cha mwalimu na kula vitumbua vya wanafunzi! Felisia akaukunja uzi wa kimo chake, akauzungusha. Haukufunga. Vidole viwili vilibaki.

"Lakini mimi ni mwembamba!" Dwomo akasema, karibu alie.

"Mwembamba wa mikono," Felisia akamjibu. "Moyo haukai mikononi."

Bediako aliondoka wa kwanza. Nilimwona baadaye nyuma ya jumba la kigoda, peke yake, akijizungushia kamba ya mbuzi.

Kwa hiyo nimewaambia wazee kigoda kitangoja. Dwomo anakwenda shambani kwa miguu kila asubuhi, na vitumbua nimevipiga marufuku shule nzima, watoto wananichukia. Uzi ukifunga nitamtaja. Tena akishakalia kigoda atatembea, hata kama desturi inasema chifu hubebwa. Machela itatoka siku za sherehe tu, na supu ya chikichi vilevile. Wazee wamepiga kelele. Nikawauliza nani kati yao anataka kuzika chifu wa tatu.

Haya ndiyo niliyotaka kukwambia. Sikuombi msamaha, huwezi kunisamehe kwa barua. Nakuomba neno moja tu. Hata tusi. Andika tusi refu, nitajua mkono wako uko hai.

Dada yako,
Boatemaa


Takoradi,
18 Oktoba 1998

Dada,

Ulitaka tusi. Wewe ni mwanamke mkaidi, mjuaji, usiyejua kufunga bakuli lako, na harufu ya supu yako ya karanga naisikia hata nikiwa hapa, jambo ambalo ni uonevu, kwa kuwa nimekatazwa. Haya, umeridhika?

Adwoa ni mzima na amerudi kuongea, tena bila kikomo. Ntim anataka kuoa. Binti mwenyewe ni mfupi, nimeshampima kwa macho.

Baada ya barua yangu ya Juni nilikaa nyumbani wiki mbili kwa hasira tu, nikiwa nimejifungia na mguu wangu. Nikasema nitakufa ili uone haya. Siku moja nikakitazama kile kidole, cheusi kama kaa la mkaa, nikajiuliza namtunzia nani. Nikamwita Adwoa, nikamwambia alete viatu. Akaleta makubadhi yale ya kichifu, mwanamke yule, na akanivalisha mwenyewe. Ndivyo nilivyokwenda hospitali, na mapambo yangu ya dhahabu, kidole nje, watu wote wanaona.

Daktari ni yule yule niliyemfukuza. Hakusema "nilikwambia". Angesema ningempiga. Alikata kidole gumba. Alisema ningechelewa hadi mavuno angekata kwenye goti, na baada ya hapo hakuna wa kukatwa, kuna wa kuzikwa. Nililala pale muda mrefu hadi mguu ulipokubali kufunga. Nina vidole tisa, na natembea nikiegemea fimbo kama mzee Bediako, ila mimi nina sababu.

Kulikuwa na muuguzi pale, mkali kuliko Felisia wako. Alinisimamisha na utepe wa cherehani. Nikamwambia asijisumbue, suruali yangu ni thelathini na sita. Alicheka hadi akaketi kitandani kwa mgonjwa mwingine. Halafu akaniinua mikono, akapima juu ya kitovu, akaniandikia namba ambayo sitakuandikia wewe hadi siku ya kiyama.

Shanga zako ninazo. Ulizituma tena kwa dereva wa lori bila barua, ukadhani sitajua ni nani. Adwoa amezing'oa zile za buluu. Kila Jumapili ananizungushia zile nyeupe, nimeshusha pumzi kama ulivyoagiza. Zinabakisha vidole vitatu. Mwezi wa nane kilibaki kiganja kizima, kama cha Twum. Karani wangu akijua habari hii, nahama Takoradi.

Mwambie Dwomo kwamba namtakia kigoda chema, na kwamba vidole vyake viwili nitavipita kabla ya Pasaka, ingawa hakuna atakayenivika chochote nikivipita. Nimeuza ile nguo kubwa ya kichifu. Aliyeinunua ameshona mapazia.

Lile neno nililokuandikia Juni, sitalizungumza. Ila nimelifikiria nikiwa nimelala pale, nikitazama bendeji. Kisimani wakianza tena, usigombane nao. Waambie ni kweli, Boatemaa anakula wanaume wa ukoo wake, lakini wa tatu alikuwa na nyama ngumu, kwa hiyo umemla kidole tu.

Mdogo wako aliyebaki,
Asenso